Wajane wa Yafa Walikuwa na Nguo za Kuonyesha

Wapendwa taifa la Mungu, tafakari ya juma hili inamhusu mwanamke ambaye wengi wetu tunalijua jina lake kuliko tunavyoijua habari yake. Ni Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi, mwanafunzi wa Yafa, ambaye Mwinjili Luka anatusimulia habari zake katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, aya ya 36 hadi 43. Katika mpangilio wa masomo ya Misa ya Kanisa letu, habari hii husomwa Jumamosi ya juma la tatu la Pasaka, wala haimo katika masomo ya Dominika hata moja. Muumini ambaye hufika kanisani siku ya Dominika tu anaweza kubatizwa, kufunga ndoa, kuzeeka na kuzikwa bila kuisikia ikisomwa.

Pengine ndiyo maana imekuwa rahisi kumpunguza mama huyu. Tumemfanya kuwa mwanamke mpole mwenye sindano, mfano wa kutajwa pale tunapohitaji akina mama washone vitambaa vya altare, wafagie kanisa na kuwapikia wageni wa parokia. Mimi nasema kwamba picha hiyo ni ya uongo, na uongo wake una madhara. Tabitha wa Maandiko Matakatifu ni shahidi anayesimama kutushtaki. Jumuiya ya Kikristo inayolisifu jina lake, kisha ikanyamaza mjane anapotolewa vyombo nje na ndugu wa marehemu mume wake, haimheshimu Tabitha hata kidogo. Inamdhihaki.

Tuanze na Maandiko yenyewe. Yafa ulikuwa mji wa bandari katika pwani ya Bahari ya Kati. Ndiko mierezi ya Lebanoni ilikoshushwa kwa ajili ya ujenzi wa Hekalu, na ndiko nabii Yona alikopanda merikebu akiukimbia uso wa Bwana. Katika mji huo aliishi Tabitha, ambaye jina lake, kwa Kiaramu na kwa Kigiriki, maana yake ni paa, yule mnyama wa nyikani. Luka hasemi kama alikuwa na mume au watoto, wala hasemi kama alikuwa tajiri au maskini. Anatuambia mambo mawili. Kwanza, alikuwa mwanafunzi; na hapo Luka anatumia neno la Kigiriki katika umbo la kike, umbo ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Pili, maisha yake yalijaa matendo mema na sadaka. Angalieni mfuatano huo, ndugu zangu: uanafunzi unatangulia, sindano inafuata. Alikuwa mfuasi wa Kristo, na ufuasi wake ulishuka kutoka moyoni mpaka kwenye ncha za vidole.

Na nguo katika ulimwengu ule haikuwa kitu kidogo. Hapakuwa na viwanda, wala mitumba ya kuchagua sokoni. Uzi ulisokotwa kwa mkono, kitambaa kikafumwa kwa mkono, na vazi likashonwa kwa mkono. Maskini alikuwa na joho moja, akilivaa mchana na kujifunika usiku; kwa sababu hiyo Torati iliamuru kwamba aliyelitwaa kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuchwa (Kutoka 22:26-27). Kwa mjane Torati ilikwenda mbali zaidi, ikakataza vazi lake lisitwaliwe rehani kabisa (Kumbukumbu la Torati 24:17). Pale Kalvari askari wa Kirumi waliiona kanzu ya Bwana wetu kuwa kitu kinachostahili kupigiwa kura. Basi tunaposoma kwamba Tabitha aliwashonea wajane kanzu na mavazi, tusidhani kwamba ni habari ya zawadi ndogo ndogo za Noeli. Mwenyezi Mungu alikuwa amesema kwamba vazi la mjane lisiguswe. Tabitha hakuridhika na kutoligusa. Alihakikisha kwamba mjane analo.

Tena Kanisa lile changa lilikuwa limekwisha kupata aibu juu ya jambo hili hili. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wavumilie na kumwachia Mungu. Hawakusema kwamba habari za chakula si za kiroho. Waliwakusanya waamini, watu saba wakachaguliwa, na mitume wakasali na kuwawekea mikono. Ni huduma ambayo Kanisa limeienzi tangu siku hiyo, nayo ilizaliwa kutokana na kilio cha wajane ambao hata majina yao hatukuachiwa.

Sasa tuingie katika msiba wa Yafa. Tabitha aliugua, akafa. Wakamwosha, wakamlaza chumba cha juu, orofani. Wanafunzi wakawatuma watu wawili mpaka Lida, mji wa jirani, ambako Petro alikuwa amemponya Ainea aliyekuwa amelala kitandani miaka 8 kwa kupooza. Petro alipofika na kupandishwa orofani, ni akina nani waliomzunguka wakilia? Ni wajane. Hawakuwa na hotuba, wala hawakusoma wasifu wa marehemu. Walikuwa na nguo. Baadhi ya wafafanuzi wa Kigiriki cha Luka wanaona katika kitenzi alichokitumia dalili kwamba wajane walizionyesha zikiwa miilini mwao, kila mmoja akiwa ameuvaa ushahidi wake. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago, aliyeifia dini mwaka 258, alilitafakari tukio hili katika maandishi yake juu ya matendo mema na sadaka, akafundisha kwamba kilichomwombea marehemu mbele ya Petro kilikuwa ni matendo yake mwenyewe kuliko sauti za waliokuwapo.

Petro akawatoa wote nje, akapiga magoti, akasali, akamwita marehemu kwa jina lake ainuke. Kwa Kiaramu wito huo ungetofautiana kwa herufi moja tu na ule ambao Bwana wetu alimwita binti Yairo (Marko 5:41). Tabitha akafumbua macho, akaketi. Kisha Petro akawaita watakatifu na wajane, akamweka mbele yao akiwa hai. Ndiyo, Luka anawataja wajane pekee yao, ingawa nao bila shaka walihesabiwa miongoni mwa watakatifu. Hakutaka wapotee ndani ya umati.

Ndugu wapendwa, tutoke sasa Yafa tuje katika misiba yetu wenyewe, maana hapa ndipo tafakari hii inapouma.

Sisi ni hodari wa kuzika. Mtu akifariki, kamati inaundwa usiku ule ule. Turubai linafungwa, viti vinakuja, daftari la rambirambi linafunguliwa, masufuria makubwa yanapanda jikoni. Kwaya inafanya mazoezi, vitenge vya sare vinanunuliwa, mpiga picha za video anakodiwa, na Misa ya mazishi inajaa watu hadi nje. Yote hayo yana uzuri wake. Kumzika mfu ni tendo la huruma. Lakini turubai likishafunguliwa na wageni wakishapanda magari, kikao cha ukoo kinaketi. Mjane, ambaye kilio hakijamkauka, anaulizwa ziko wapi hati za kiwanja, iko wapi kadi ya benki, nani ana funguo za gari, na simu ya marehemu kaiweka nani. Akijibu, anaambiwa ana haraka ya kurithi. Akinyamaza, anaambiwa anaficha. Wako hata wanaomtuhumu kwamba ndiye aliyemuua mume wake. Mwisho anaonyeshwa mlango, au anaambiwa achague mmoja kati ya shemeji zake.

Na jumuiya iko wapi wakati huo? Jumuiya imekwisha kusali rozari ya mwisho. Imekwisha kuanua matanga. Katika daftari la jumuiya imeandikwa kwamba tulishiriki kikamilifu msiba wa mwenzetu. Mjane wa Yafa alipoingia msibani alikuwa amevaa nguo aliyoshonewa na mwenzake katika imani. Mjane wetu hutoka msibani akiwa ameporwa na wenzake katika imani, waliopokea Ekaristi Takatifu pamoja naye siku ya mazishi.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: "Padre, hayo ni mambo ya ukoo, Kanisa lisiyaingilie." Lakini Mungu wa Israeli aliyaingilia. Katika Kutoka 22:22-24 anakataza kumtesa mjane, naye anaahidi kwamba kilio cha mjane atakisikia yeye mwenyewe, na hasira yake itawaka. Bwana wetu Yesu Kristo aliyaingilia pia, alipowakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu (Marko 12:40). Mtume Yakobo anapoeleza dini iliyo safi ni ipi, anaanza na kuwajali yatima na wajane katika dhiki yao (Yakobo 1:27). Tunaingia katika mambo ya ukoo tunapotaka watoto wabatizwe, tunapotaka ndoa zibarikiwe, na tunapotaka michango ya kujenga kanisa. Iweje mlango wa ukoo ufungwe siku ile moja tu mjane anapohitaji mtu wa kuja kusimama naye?

Hapa niseme neno juu ya mahubiri yetu. Mara baada ya kukemea wale wanaokula nyumba za wajane, Mwinjili Marko anatupa habari ya mjane maskini aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hazina ya Hekalu (Marko 12:41-44). Habari hizi mbili zinafuatana bila kitu katikati. Hata hivyo, pakiwa na harambee ya kuezeka kanisa, ni mara ngapi mhubiri huanzia kwenye senti mbili na kuiruka aya ya 40? Mjane anasifiwa kwa kutoa alichobakiwa nacho, na hakuna anayeuliza nyumba yake ilikwenda wapi hata akabakiwa na senti mbili. Mahubiri ya namna hiyo ni pungufu, na upungufu wake unawafaa wanyang'anyi.

Wa pili atasema: "Ni mila zetu." Mila njema za wazee wetu zilikusudia mjane asikose ulinzi, na yatima asikose mtu wa kumwita baba. Anayetwaa shamba na kumwacha mjane bila jembe hafuati mila. Anajificha nyuma yake. Tena tusisahau kwamba nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka wazi kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mtu anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo. Kwa upande mwingine, tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilipokea kilio cha wajane wawili wa Kitanzania waliotolewa majumbani mwao na ndugu wa waume zao, ikaona kwamba haki zao zilivunjwa. Wajane wale walilazimika kwenda mbali hivyo kutafuta watu wa kuwasikiliza. Inapaswa kutuuma kwamba mjane anaweza kupata masikio ng'ambo ya bahari kabla hajayapata katika nyumba ya tatu kutoka kwake, ambako jumuiya husali kila juma.

Wa tatu atasema: "Wako wajane wakorofi, wanaotapanya mali na kuwatesa watoto." Wako, kama walivyo wajomba wakorofi na shemeji wakorofi. Mtume Paulo katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, anapambanua vizuri mjane yupi atunzwe na jamaa zake na yupi atunzwe na Kanisa. Lakini sura hiyo hiyo inasema kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani, naye ni mbaya kuliko asiyeamini. Kupambanua ni kazi ya anayetaka kusaidia. Anayetafuta kisingizio hapambanui, anachagua tu dosari ya kuishika.

Kanisa la mwanzo halikuliona jambo hili kuwa la pembeni. Mtakatifu Polikarpo, Askofu wa Smirna, katika barua yake kwa Wafilipi, aliwaita wajane altare ya Mungu. Mwaka 251 hivi, Papa Kornelio alieleza kwa barua hali ya Kanisa la Roma: lilikuwa na mapadre 46 na mashemasi 7, na pamoja na hao lilikuwa likiwalisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Na hilo lilikuwa Kanisa lililokuwa limetoka tu katika madhulumu ya kaisari Dekio, lisilokuwa na majengo ya kujivunia. Sisi tunazo takwimu za nguzo, mabati na madirisha ya vioo. Je, ni parokia ngapi zinazoweza kutaja idadi ya wajane wake bila kwenda kuuliza?

Nawageukia sasa akina mama, na naomba mnivumilie, maana Tabitha ni wenu kwanza. Mara nyingi mkono unaobeba masufuria ya mjane si wa shemeji, ni wa wifi. Sauti inayosema kwamba huyu hakuzaa mtoto wa kiume katika nyumba hii, mara nyingi ni ya mama mkwe. Na wifi huyo ana sare ya chama cha kitume, naye mama mkwe ana rozari shingoni. Tabitha alikuwa mwanamke aliyejua kwamba mwanamke mwenzake akifiwa na mume anabaki uchi mbele ya ulimwengu, naye akaketi kumfunika. Mwanamke anayemvua mwenzake asijiite binti wa Tabitha, hata ashone vitambaa vya altare mia moja.

Basi tufanye nini? Nasema mambo manne, yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni la wanandoa: baba, ukiwa hai na mwenye akili timamu, andika wosia halali, na nyaraka za mali mliyochuma pamoja zibebe majina yenu wote wawili. Upendo wa mume hauishii kaburini. La pili ni la jumuiya ndogo ndogo: sehemu ya rambirambi ikabidhiwe mkononi mwa mjane mwenyewe, mbele ya mashahidi, na jumuiya imtembelee mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, wakati ambapo wageni wameondoka na ada za shule zinadaiwa. La tatu, anapokwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, asiende peke yake. Wawili au watatu waende naye, wakae naye kwenye benchi, waonekane. Yafa walitumwa watu wawili kumfuata Petro. Kwetu hawakosekani wawili wa kumsindikiza mjane.

La nne ni gumu zaidi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inafundisha kwamba fidia ya udhalimu inadai mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe. Aliyeichukua nyumba ya mjane na kwenda kuungama huku akiendelea kupokea kodi ya pango, hajamaliza toba yake. Arudishe nyumba. Aliyechukua shamba arudishe shamba, na aliyechukua cherehani arudishe cherehani. Kulipia Misa ya kumwombea marehemu kwa fedha iliyotoka katika mali ya mjane wake ni kumwomba Mungu asione.

Wapendwa, Tabitha aliyefufuliwa hakupewa cheo wala kiti cha mbele. Alirudishiwa wajane wake, nao wakarudishiwa yeye, na Luka anasema habari hiyo ikaenea Yafa nzima, watu wengi wakamwamini Bwana. Mji ule uliamini baada ya kuona jinsi Mungu alivyoyaheshimu maisha yaliyotumika kwa ajili ya wale wasio na mtetezi. Ipo siku kila mmoja wetu atalazwa, ataoshwa, atasomewa wasifu mrefu. Wasifu huandikwa na watoto, na watoto husamehe mengi. Mbele ya Mungu wataitwa wajane tulioishi nao mtaa mmoja, nao wataulizwa wana nini cha kuonyesha.

Mtakatifu Tabitha, mwanafunzi wa Bwana, utuombee. Nawatakieni nyote Dominika njema, na kabla ya Dominika hiyo kupita, kila jumuiya imtembelee mjane mmoja.

Tumsifu Yesu Kristo! Milele, amina.